Korongo Begani mwa Roboti

Kila asubuhi Mwalimu Tokue husaga wino mkavu wa kuchorea jiweni kimyakimya. Leo mkono wake ulisimama ghafla. Kwenye kiwambo cha dhahabu, kile cha kukunjwa alichokuwa akikichora, kati ya korongo aliowachora jana, palikuwa na roboti wa katuni, na korongo mpya amelala begani mwake.

"Nani kaleta mdoli huyu?"

"Mimi, Mwalimu," alisema Nagisa, mwanafunzi wake tangu miaka kumi na mmoja iliyopita.

Mzee alishusha pumzi. "Korongo wangu wamechoka kama mimi. Huyu wako angalau kapata pa kulala."

Akachukua muhuri wa jina lake, ule aliokuwa akiugonga kwenye kazi zote za Nagisa. Nagisa akaifunika kona ya kiwambo kwa kiganja. Muhuri ukabaki hewani, ukidondosha wino mwekundu.

"Hapa, Mwalimu, nataka jina langu."