Dau la Watu Wawili

"Hilo dau jekundu sitaki hata kulisikia, tanga lake litawazamisha," alisema Rahima, jicho kwenye tundu la ukuta wa darini. "Chukua lile dogo la pembeni."

Mumewe Alwi alikuwa amepanda juu kwa siri kumuuliza. Karani mzima wa forodha, heshima mji mzima, lakini mpe kasia atakuuliza lashikwa wapi! Alitaka chombo chake cha kwanza, cha watu wawili, yeye na rafikiye Jeilani, wakavue Ras Kitau. Rahima alikuwa binti wa fundi wa madau wa kijiji cha Mbwajumali, kisiwani Pate.

"Lina nini hilo dogo?"

"Tanga lake hata mtu mmoja hulipandisha. Tena ni jepesi, litapita mlango wa bahari wa Mkanda hata maji yakiwa haba. Mashua zote hukwama pale."

"Mkanda? Mimi sendi Pate."

"Nasema tu," alijibu Rahima upesi.

Kwao, kule Pate, mamake alikuwa mgonjwa kitandani akimwita. Rahima alikuwa amembembeleza Alwi mpaka machozi yakamkauka. "Wanawake wa nyumba hii hawatoki," humjibu. "Na huko ndiani kwenda Pate, kisiwa cha Manda kimejaa mahabusu wa serikali." Mahabusu! Hao angalau hupigwa na upepo. Yeye bahari aliiona kwa tundu.

Na mlinzi wake alikuwa Bi Mwana, mamake Alwi. Mama huyo alikuwa balaa. Kutwa ukumbini karibu na mlango, tasbihi mkononi, macho kwa mkaza mwanawe. Rahima akikohoa tu, huulizwa anakwenda wapi.

"Mwanong'ona nini huko juu?" aliita sasa.

Alwi alishuka akamweleza.

"Nunua hilo lipitalo Mkanda."

"Mama, mimi naenda Ras Kitau!"

"Nimesema hilo. Wawili huketi bila kubanana?"

"Huketi, mama."

"Basi wangoja nini?"

Alwi akalinunua, akalifunga ufuoni chini ya nyumba, na jioni akamweleza Jeilani jinsi alivyolichagua mwenyewe.

Ijumaa adhuhuri, wanaume wote wakiwa msikitini, Rahima alivaa buibui, akashuka ngazi viatu mkononi. Alijua Bi Mwana saa hiyo husali chumbani. Mlango uliofungwa kwa kufuli atauvunja ikibidi, Mungu amsamehe.

Bi Mwana alikuwa amesimama mlangoni.

Rahima alimsogelea. "Mama, niwie radhi. Mamangu anakufa. Niache nipite."

"Wajua kweli kuendesha dau, au ni maneno tu?"

"Najua, mama. Wallahi najua."

Bi Mwana alifungua pindo la leso, akatoa ufunguo, akautia kwenye kufuli. Hapo ndipo Rahima alipoona kwamba na yeye amevaa buibui, na furushi liko miguuni pake.

"Ndoo twende upesi, khutuba haikawii kwisha," alisema Bi Mwana. "Ufunguo ninao tangu ujana wangu. Niliyemkosa ni nahodha."