Chipukizi la Mlimau

Enzi hiyo mtu na mti wake walikuwa na afya moja. Mti ukinyauka, mwenyewe hudhoofu. Bibi harusi hubebesha kikonyo, kitawi cha mti wake, juu ya shina la mti wa mumewe viote pamoja, na mama mkwe hukata machipukizi ya chini ya shina yasije yakakinyima chakula.

Bi Mwanahamisi alikuwa ameuotesha mlimau wa mwanawe, Shekue, siku aliyomzaa. Sasa ulinukia machungwa ya Rehani, mkewe, na Bi Mwanahamisi akaona wivu.

“Mama, kitendawili,” Rehani alimchokoza.

“Tega, mwanangu.”

“Miguu ya mume, kichwa cha mke.”

“Si huo mti wenu,” alijibu, akicheka kwa meno tu.

Chipukizi moja la mlimau hakulikata. Alilifunika kwa majani makavu, akaendelea kulimwagilia.

Wiki iliyofuata Rehani alitua ndoo katikati ya ua.

“Mama, mbona naishiwa nguvu?”

“Kapumzike, mwanangu. Mti nitautazama mimi.”