Kamba ya Kocha Mbwego

Kila alfajiri Kocha Mbwego alifunga ncha moja ya kamba kwenye keria ya baiskeli yake na nyingine kiunoni mwa Tunu, akaendesha, binti akikimbia nyuma. Kamba ilipokaza, alizidisha mwendo.

"Kocha, goti limevimba," Tunu alimwambia siku hiyo. "Nipumzike leo tu."

"Mashindano kesho kutwa, wewe unaleta deko? Twende!"

Walipanda kilima, kamba imekaza, mtoto akilia kwa kwikwi. Kileleni Mbwego akasimama kama desturi yake, akafumba macho, akamwombea. Alimtaja yeye kabla ya wanawe wa kuwazaa.

"Ee Mungu, mpe wepesi." Akaitikia amina mwenyewe.

Alipoendelea, kamba haikuvuta hata kidogo. Dua ilikuwa imejibiwa!

"Leo umeniweza, Tunu! Medali ile pale!" alipaza sauti bila kugeuka, akiteremka mbio huku mnyororo ukipiga kelele.

Chini ya mteremko akafunga breki, akageuka ampongeze. Barabara ilikuwa tupu hadi kileleni. Kwenye ncha ya kamba vilikuwa vimefungwa viatu vya mbio, vimejaa vumbi. Akaviokota, akatia mkono ndani. Joto la miguu lilikuwa bado halijatoka.