Anayeharibu Mchezo

Jitu la vichwa viwili lilipovunja lango la mji, Fundi alishika shoka, Mwalimu akashika kitabu cha kanuni, na Nesi akaliuliza jitu linaumwa wapi.

Mpima, ambaye kwa wakati huo ndiye aliyekuwa jitu, aliishusha dadu aliyokuwa ameinua kuirusha.

"Kichwa," akajibu mwishowe.

"Kipi?"

Basi vita vikaishia hapo. Nusu saa nzima dadu zililala mezani huku Nesi akilibembeleza jitu, Fundi akitazama dari, na Mwalimu akipekua kurasa aone kama kanuni zinaruhusu jitu kuumwa.

Ulikuwa mchezo wa mezani, wa kusimulia na kuigiza. Kila Jumamosi mchana walikusanyika ofisini kwa Mpima, wakazunguka meza pana anayochorea ramani za viwanja. Mpima alisimulia safari na kuwasemea maadui. Wenzake watatu kila mmoja alikuwa na mhusika wake wa kumwongoza, na palipo na mashaka, dadu ndiyo iliyoamua. Mpima alipenda hadithi iende kama mpaka wa kiwanja: kutoka jiwe hili hadi jiwe lile, bila kona.

Lakini penye wengi pana mengi. Fundi, mtengeneza friji, alitaka kupigana tu. Mwalimu wa hesabu hakusogea hatua bila kufungua kitabu. Nesi naye alitaka kuzungumza na kila kiumbe, hata nyoka. Fundi na Mwalimu angeweza kuwavumilia. Nesi ndiye aliyemkatia hadithi kila mara.

Tatizo ni kwamba Nesi alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe. Tena yeye ndiye aliyekusanya kundi. Alimpata Fundi alipokuja kutengeneza friji ya chanjo hospitalini kwake, na Mwalimu akampata wodini, amevunjika mguu na hana wa kumtembelea. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje akae nyumbani? Na jioni utamtazama mkeo kwa macho gani?

Jumatatu Mpima alimfuata Fundi karakanani, akamkuta amelala chali, kichwa nyuma ya friji.

"Jumamosi zetu zimeharibika," Mpima alianza kwa kuzunguka.

Fundi akasema bila kutoa kichwa, "Kuna mtu mmoja pale anawaharibia wenzake. Nimekuwa nikitaka kukwambia."

"Namjua."

"Najua unamjua. Uso wako unasema."

"Sasa akipumzika?"

"Afadhali apumzike. Hata roho yangu itatulia."

Mwalimu, aliyemkuta shuleni akisahihisha madaftari, hakuhitaji hata kuulizwa mara mbili. "Mtu akisimamisha mchezo kila dakika, wenzake wanapata raha gani? Mimi ningekuwa wewe, ningeshamwambia zamani."

Mpima alirudi nyumbani anapiga mluzi. Wawili na yeye watatu. Kilichobaki ni jinsi ya kulifanya jambo bila mtu kuonekana amelifanya, na hilo nalo akalipatia dawa: kura ya siri. Hakuna atakayejua nani kaandika nini. Shemeji ataondolewa na kundi zima, na yeye atasikitika pamoja na wengine.

Jumamosi aliwaeleza kwa sauti ya mazishi. Kundi lina mitindo mingi mno, mmoja wao itabidi apumzike kwa muda. Kila mtu aandike jina moja, na atakayetajwa zaidi ndiye. Alitegemea Nesi apinge.

"Umefanya vizuri, shemeji," Nesi alisema taratibu. "Hata mimi naona imefika wakati."

Mpima alimwonea huruma kidogo. Akagawa vipande vinne vya karatasi alivyokata kwenye ramani kuukuu. Wenzake waliandika polepole, kila mmoja amekinga kwa mkono kama watoto wa darasa la pili. Yeye alimaliza wa kwanza. Karatasi zikatumbukizwa kwenye kofia yake ngumu ya kazini, na Mwalimu, kwa kuwa ndiye mtu wa kanuni, akapewa kazi ya kusoma.

Mwalimu alikunjua ya kwanza. "Fundi."

Mpima alishtuka. Fundi alikuna shingo. "Ni mimi niliyeandika. Nyinyi mnapenda hadithi, mimi nawaletea shoka tu. Nawaharibia."

Ya pili Mwalimu aliisoma akikohoa. "Mwalimu. Hii… hii ni yangu. Kitabu changu kinawachosha, najua."

Ya tatu ilikuwa ya mwandiko wa duara, ule wa kwenye kadi za wagonjwa. "Nesi."

"Nawachelewesha," Nesi akasema. "Fundi hajapigana tangu mwezi uliopita, maskini."

Wakatazamana. Fundi ndiye aliyeanza kucheka, wakamfuata, wakacheka mpaka Mwalimu akavua miwani kujifuta macho.

"Jamani," Fundi akasema, "kumbe tungetoka wote, jitu likabaki na mji. Na wewe Mpima umejitaja, sivyo? Basi ni kura moja moja, hatoki mtu."

"Hatoki mtu," Mpima aliitikia haraka, akinyoosha mkono kuivuta kofia. "Hiyo iliyobaki tuiache tu."

"Kanuni ni kanuni," alisema Mwalimu. "Zote zisomwe."

Nesi alikuwa ameshaichukua. Aliikunjua akiwa bado anacheka, akaitazama, kisha akaisoma kwa sauti ile ile tulivu anayoitia wagonjwa:

"Nesi."