Masharubu ya Yuda

Nereida alikuwa akijibandika masharubu. Si yeye hasa. Ni yule wa karatasi aliyening'inia mbele yake, mrefu futi nane, mwenye uso wa Nereida wa zamani, alipokuwa na miaka kumi na minane.

"Ongeza upande wa kushoto," alisema Don Abundio kutoka mlangoni, kijiti cha meno kikimcheza mdomoni. "Nataka hata kipofu ajue huyu ni Rogelio."

Nereida akaongeza.

Don Abundio alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa, na ua wenye karakana ya Nereida ulikuwa mali ya kamati. Kila mwaka, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mtaa ulichoma Yuda: sanamu la karatasi lililoshindiliwa baruti, lenye sura ya mtu aliyewachosha wenzake, na jina lake kifuani. Mwaka jana alichomwa muuza nyama aliyekuwa akichezea mizani. Tangu siku hiyo anaitwa "Yule wa Nyama," hata na mkewe, maana sheria ya mtaa ni moja: jina likishaungua halitajwi tena. Anayeropoka anamwagiwa ndoo ya maji, awe padri, awe polisi.

"Na usidhani ni chuki yangu," Don Abundio akaendelea, akichomoa karatasi mfukoni. "Wananchi wenyewe wameomba. Soma!"

Ilikuwa barua isiyo na jina la mwandishi, iliyotumbukizwa kwenye sanduku la kamati. Herufi zilikatwa magazetini zikabandikwa moja moja, kama barua za watekaji nyara kwenye sinema: MWAKA HUU TUMCHOME ROGELIO. YUDA WAKE AMTENGENEZE MWENYEWE.

"Mwoga huyu," alisema Nereida. "Hana hata kalamu."

"Kalamu ya nini, na maneno yamefika? Wewe kataa tu uone. Vitambaa vyako, vioo vyako, hayo manywele yako ya farasi, vyote nje kabla ya Pasaka."

Hapo alimshika pabaya. Karakana ile Nereida aliachiwa na bibi yake, aliyemfundisha kufunga kiunzi cha matete kabla hajajua kusoma. Mjini watu walivaa viatu vizuri kwenda kutazama kazi zake: nyuso za karatasi, vitambaa na vipande vya vioo, ambamo kila mtazamaji alijiona nusu mwanamume, nusu mwanamke, akarudi nyumbani ameduwaa. Mtaani, kwa miaka yote sita tangu aanze kuishi kama mwanamke na kujiita Nereida, bado aliitwa kwa jina la utotoni, Rogelio. Dukani Rogelio. Kanisani Rogelio. Watoto wakalitungia na wimbo. Ilikuwa kama kukanyagwa kidole kile kile kila siku, halafu anayekukanyaga anakuuliza mbona umenuna.

"Nitamtengeneza," alisema. "Ila Yuda wa karatasi tupu hafanani na mtu. Nataka vitu vyake."

Vitu vilikuwa kwa baba yake, mzee Cástulo, ndani ya sanduku ambalo kwa miaka sita hakumruhusu hata kuligusa. Lakini Don Abundio alipomwendea na ile barua, mzee alilibeba mwenyewe begani mpaka karakanani, akalibwaga sakafuni.

"Suti ya komunyo ya kwanza. Viatu vya mpira. Vyeti vya shule," alisema bila kumtazama. "Chukua. Mwenyewe si ulishamuua?"

"Basi njoo Jumamosi umuage, Baba."

Mzee akatema mate nje ya mlango, akaenda zake.

Nereida alibandika kila kitu. Vyeti vikawa ngozi ya mikono, suti ikawa kifua, viatu vikafungwa miguuni. Juu yake akamvalisha sketi nyekundu, kwa amri ya mwenyekiti. Mwisho akaandika jina kifuani, herufi kubwa, wino mweusi.

Jumamosi mtaa ulifurika watu, ndoo zao za maji na tamale zao za moto, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda. Yuda alitundikwa kwenye waya, katikati ya roshani mbili.

"Rogelio!" alipayuka bibi mmoja wa roshani ya juu. "Mbona mwenzio kakushinda uzuri?"

Watu wakacheka mpaka tamale zikawapalia.

"Simama hapa mbele," Don Abundio alimwambia Nereida. "Ukiondoka kabla majivu hayajapoa, hama kabisa."

Akawasha utambi.

"Aungue Rogelio!" mtaa ukanguruma. "Aishe Rogelio! Asirudi tena Rogelio!" Hata mzee Cástulo alipiga kelele, ila sauti yake ilikatikia njiani.

Sketi ilitangulia. Yakafuata masharubu. Kisha moto ukafika kifuani, baruti ikalipuka mara tatu, na vyeti vya shule vikawanyeshea vichwani vikiwa vyeusi kama mbawa za nondo.

Nereida hakulia. Jambo hilo lilimkera Don Abundio kuliko moshi. Alikung'uta majivu kwenye kofia, akamsogelea.

"Haya, umejionea mwenyewe, Roge—"

Ndoo ya kwanza ilimwagwa na bibi wa roshani. Ya pili haikujulikana ni ya nani, na ya tatu ilikuja na ndoo yenyewe.

"Sheria ni sheria, Don!"

Mwenyekiti alibaki amesimama, anachuruzika, kijiti bado mdomoni.

Mzee Cástulo alikuja kutoka nyuma ya umati. Akafungua mdomo. Akaziangalia ndoo. Akaufunga. Akajaribu tena, taratibu, kama anayeonja supu ya moto.

"Ne... Nereida. Kuna kahawa huko kwako?"

"Ipo, Baba."

Majivu yalikuwa yameshapoa; Nereida akatangulia karakanani kuwasha jiko. Nyuma ya pipa la gundi akavuta magazeti mawili ya Januari, akayakunja ya kuwashia. Yalikuwa yamejaa vitundu vidogo vya mraba, kila mahali palipokuwa na herufi kubwa.