Macho Manne ya Blende

Kwa siku ya tatu, jiko la Mama Honorine halikutoa moshi.

Mtaa wa Kilibula ulishangaa. Wateja wa mkahawa wake mdogo walifika saa sita wakiwa na njaa, wakakuta mlango umefungwa.

"Mama Honorine, uko mugonjwa?" aliuliza jirani yake, Pudentienne.

"Minye niko nafunga," alijibu, rozari shingoni. "Naomba barabara ya Makobola ifunguke."

Hakuna aliyemlaumu. Vita vilikuwa vimeifunga barabara hiyo tangu mwezi uliopita, watu wa msituni walipochoma malori mawili kwa roketi, kwenye kona iliyo chini ya mlima. Huko Makobola unga ulikuwa umekwisha na chumvi imekwisha. Huko huko binti yake Vanessa alikuwa amejifungua, na Rémy, mume wa Vanessa, dereva wa lori, alikuwa bado hajamwona mtoto wake wa kwanza.

Ndipo Kapiteni Sylvestre alipoitoa blende yake, gari la vita lililozeeka, ikiwa imefungwa kitu kipya. Kila pembe ilikuwa na jicho moja: duara, kubwa, jeusi ti. Askari hawakuruhusu mtu alisogelee gari hilo karibu zaidi ya hatua ishirini.

Kapiteni alimweleza Rémy, kwa kuwa lori lake ndilo lingefuata nyuma kupeleka chakula Makobola. Katika majeshi ya nchi tajiri, alisema, kuna mashine ya kulinda magari. Roketi ikirushwa, jicho huiona ikiwa bado njiani. Papo hapo mashine hurusha vipande vya chuma na kuipasua hewani kabla haijagusa gari. Tena hujua roketi imetoka wapi.

"Ni kufumba na kufumbua," alisema Kapiteni. "Lakini hii ni siri ya jeshi."

Siri hiyo ilidumu mpaka soko la Mulongwe lilipofunguliwa. Rémy alimkuta mama mkwe wake katikati ya wauza sabuni na watu walioteremka kutoka milimani kununua chumvi.

"Iko na macho ine!" Honorine alikuwa akisema, mikono hewani. "Roketi ikikuya, paa! Inaipasulia mbali, kisha inamutafuta ule mwenye aliirusha. Lakini musiambie muntu!"

"Tumwambie nani?" muuza sabuni alicheka. "Wote tulishasikia."

Rémy alimvuta pembeni. "Mama, utatuua! Mbele ya saa kumi habari itakuwa imefika msituni."

"Saa kumi?" Honorine alikunja uso. "Mkwe wangu, unanidharau. Saa nane."

Kesho yake asubuhi msafara uliondoka. Blende ilitangulia, lori la Rémy likafuata na magunia ya unga, maharage na chumvi. Rémy alimsihi mama mkwe wake abaki apumzike, maana alikuwa hajaweka kitu kinywani isipokuwa chai.

"Nitakula Makobola," alisema, akapanda mbele na kufunga mlango.

Pale kwenye kona waliwaona. Wanaume watatu walisimama juu ya mwamba. Mmoja wao alikuwa na roketi begani, ameielekeza kwenye blende. Rémy alianza Salamu Maria akaisahau katikati. Honorine akammalizia kwa sauti. Blende haikukimbia. Ilikwenda taratibu, kama gari lisilo na haraka ya kufika popote.

Mwanamume wa pili alimshika mwenzake mkono, akamwonyesha yale macho kwa kidole. Wakabishana. Mwenye roketi akaishusha, akajikuna kichwa. Kisha wote watatu wakarudi nyuma hatua kwa hatua, wakapotelea majanini.

Rémy aliendesha kilomita zilizobaki akicheka na kulia pamoja.

Makobola yote ilitoka barabarani kwa ngoma na vigelegele. Vanessa alimweka mtoto mikononi mwa baba yake. Mtoto akampigia chafya usoni.

"Mungu asifiwe kwa ile mashine," Rémy alisema, akijifuta.

"Asifiwe," mama mkwe wake aliitikia. "Sasa munipe koleo la kukatia waya."

Alipanda juu ya blende mwenyewe. Akakata waya wa jicho la kwanza, akalibandua, akalipindua na kupuliza vumbi lililokuwa ndani.

"Washeni moto!" aliwaambia wanawake. "Sufuria hii ni ya ugali. Zile tatu ni za maharage."

Kapiteni Sylvestre alishika kofia yake. "Na kesho, Mama, tutarudi na nini?"

"Na hizo hizo, Kapiteni. Zikipika leo, kesho zitakuwa nyeusi zaidi."