Ndevu za Shingoni

Kendi, mwalimu wetu wa kuzamia majini, alipitisha kidole kati ya shingo yangu na mpira wa suti, kisha akatikisa kichwa.

"Mzee, maji yataingia hapa. Ndevu zinazuia mpira kushika ngozi."

Tulikuwa kando ya machimbo ya zamani yaliyojaa maji, mwendo wa saa moja kutoka Birmingham. Maji yalikuwa nyuzijoto sita. Suti hii ya kuzamia humwacha mtu mkavu mpaka fulana ya ndani, ila shingoni lazima mpira ubane ngozi tupu. Kitabu cha mafunzo nilikisoma mara mbili. Sehemu hiyo nilidhani hainihusu.

Wenzangu wawili walishaingia majini. Nilikuwa nikikanyagakanyaga kokoto, siwezi kutulia.

"Na nikizama hivi hivi?"

"Utaganda, na mimi ndiye nitaulizwa. Ni kunyoa ama kurudi nyumbani." Akatoa wembe mpya mfukoni. "Kidevu sikigusi, Mzee. Ni hapa chini tu. Kwani hizi nazo ni ndevu, ama ni nywele za shingo?"

Miaka tisa nimebishana na msikiti mzima pale mtaani kwetu Stechford kwamba nywele za shingoni ni ndevu, na kuzinyoa hakufai. Nimewapelekea vitabu. Nimewanyamazisha watu wazima mbele ya watoto wao.

Mapovu yalikuwa yakipanda pale wenzangu walipozamia.

"Ni nywele tu," nikasema, nikanyoosha mkono kupokea wembe.